Kufungua upya maktaba ya kata kabla ya likizo ya Juni: mwongozo kamili

Kufuli lilikuwa limeshika kutu hata aliyelifungua akawa fundi baiskeli wa jirani, kwa mafuta ya taa na nyundo. Ndani tulipokewa na harufu ya ukungu, njia ya mchwa iliyopanda ukutani mpaka rafu ya tatu, na kalenda iliyoganda kwenye Machi ya miaka minne nyuma. Ilikuwa mwishoni mwa Aprili, masika yamepamba moto, na mwenyekiti wa mtaa alikuwa ameshawaahidi wazazi kwamba watoto wakifunga shule mwezi wa sita watakuta maktaba iko wazi.

Tangu siku hiyo nimeshiriki kufungua maktaba nyingine mbili, zote za pwani ya Tanga, zote ndogo, za chumba kimoja au viwili. Ninayoyaandika hapa yametoka kwenye hizo tatu pamoja na makosa tuliyoyafanya. Nimemwandikia mkutubi, mwalimu mstaafu, diwani au kijana yeyote aliyekabidhiwa funguo na kuambiwa "haya, tuone." Wasomaji wa Kenya watabadilisha kalenda tu, likizo yao ya kulenga ni ya Agosti.

## Anza na saa za kufungua, ufagio baadaye

Watu huanza na usafi kwa sababu unaonekana. Mimi nasema anza na saa, maana kinachoua maktaba ndogo ni saa zake. Mtoto akitembea nusu saa juani akakuta mlango umefungwa wakati bango linasema uko wazi, hamtamwona tena, na atawaambia wenzake.

Tulilijua hilo kwa aibu. Maktaba ya kwanza tuliandika kwa mbwembwe: Jumatatu hadi Jumamosi, saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni. Wiki ya pili aliyekuwa na ufunguo alipata msiba Korogwe, akaondoka alfajiri, ufunguo mfukoni. Watoto kama ishirini walikaa kwenye ngazi mpaka adhuhuri. Mmoja alikuwa amembeba mdogo wake mgongoni.

Kwa hiyo fanya hivi. Chukua karatasi, andika kila siku ya wiki, na mbele ya kila siku andika jina la mtu wa uhakika wa kufungua na jina la mtu wa akiba. Siku isiyo na majina mawili ifute. Katika zilizobaki, punguza tena moja. Hizo ndizo zitakazopakwa rangi kwenye bango. Maktaba ya pili ilifunguliwa siku nne tu kwa wiki, kwa muda wa saa nne kila siku, na haikukosa hata mara moja. Ndiyo iliyojaa. Na chonga funguo tatu: mmoja kwako, mmoja kwa mtu wa akiba, mmoja ofisi ya mtaa.

Saa zenyewe waulize akina mama kisimani au kwenye bomba, si kwenye kikao cha kamati. Watakwambia kwamba asubuhi mapema watoto wanachota maji na wengine wako shamba, kwamba baada ya alasiri kuna madrasa, kwamba Ijumaa ikikaribia saa sita hakuna anayebaki. Darasa la saba ni kundi la peke yake. Mtihani wao wa taifa ni Septemba, kwa hiyo shule nyingi huwashikilia kwa masomo ya ziada hata wakati wa likizo. Hao hutokea kuanzia saa nane mchana, wamechoka na wana njaa. Sisi tuliishia na saa tatu mpaka saa tano asubuhi kwa wadogo, halafu saa nane mpaka saa kumi kwa wakubwa.

Angalia pia mtego wa wanaojitolea. Vijana waliomaliza kidato cha sita mwezi wa tano wanaonekana ni neema: wana muda, wanasoma vizuri, watoto wanawapenda. Kisha linatoka tangazo la Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria na nusu yao wanapanda basi. Waliomaliza kidato cha nne nao wakipangiwa shule, kidato cha tano huanza Julai, na kabla ya hapo wako mbioni kutafuta ndoo, godoro na nauli. Watumie, lakini uti wa mgongo wa ratiba uwe mtu ambaye haendi kokote: mwalimu mstaafu, fundi cherehani wa kike mwenye kibanda karibu, mama lishe anayemaliza kuuza saa nne.

## Barua na mihuri

Hapa sitakaa sana. Jua jengo ni la nani: halmashauri, kijiji, shule, msikiti, parokia? Pata barua yenye muhuri inayosema mnaruhusiwa kulitumia na nani analipia umeme wa LUKU. Mtendaji wa kata apewe nakala. Mwalike afisa elimu kata mapema, kabla hajasikia kutoka kwa mtu mwingine.

Kisha panda gari uende maktaba ya mkoa. Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania chanzo chake ni sheria ya 1963, ikaundwa upya kwa sheria ya 1975, na makao yake ni Maktaba Kuu ya Taifa pale Dar es Salaam, ambayo Mwalimu Nyerere aliifungua tarehe 9 Desemba 1967. Watu husahau kwamba mkoani kuna wakutubi waliosomea kazi hii na wanaopenda kuulizwa. Nenda na maswali matatu: je, wana vitabu vya ziada vya watoto vya kukopesha kwa miezi miwili; je, wanaweza kuja siku moja kuangalia rafu zenu; je, kuna wanafunzi wa chuo cha ukutubi cha Bagamoyo wanaotafuta mahali pa mafunzo kwa vitendo? Sisi tulimpata mmoja, na wiki zake sita zilizidi miezi yetu yote ya kubahatisha.

## Paa, mchwa na ukungu

Faida ya kufungua jengo wakati wa masika ni kwamba linakuonyesha magonjwa yake yote. Ingia mvua ikinyesha, ukiwa na chaki, uchore duara sakafuni kila mahali tone linapoanguka. Fundi akija siku ya jua, usimwelezee. Mwonyeshe maduara.

Mchwa wanatoka ardhini, kwa hiyo kukwangua ile njia yao ya udongo ukutani ni kujifariji. Fuata njia mpaka inapoanzia, mara nyingi ni ufa wa sakafu au fremu ya mlango, na hapo ndipo dawa na saruji viende. Rafu zote zisogeze mbali na ukuta, upana wa kiganja unatosha, na ubao wa chini kabisa uwe juu ya sakafu sentimita 15 hivi, ili ufagio upite na jicho lione. Hakuna kitabu kukaa sakafuni, hata kwenye boksi, hata usiku mmoja. Boksi la karatasi juu ya sakafu ya saruji ni karamu.

Ukungu unataka subira. Vaa barakoa na glavu, toa vitabu vyenye ukungu nje, vitenge mbali na vizima, uvisimamishe kurasa zikiwa zimefunguka kama feni, kivulini penye upepo. Jua kali linapinda majalada na kufifisha wino. Vikikauka kabisa, pangusa vumbi la ukungu kwa brashi laini ukielekea upande upepo unakokwenda, kisha futa jalada kwa kitambaa chenye spiriti kidogo. Jiki ni ya kuta, isiguse karatasi. Kitabu kilicholowa maji kina siku mbili tu kabla ukungu haujakianza, hivyo paa likivuja leo, usingoje Jumamosi ya usafi. Na dirisha lililopigiliwa misumari kwa ajili ya wezi lipigieni wavu na nondo za chuma, lifunguke. Hewa ikitembea ukungu hukosa makao.

Wadudu wanaokula gundi ya mgongo wa kitabu tuliwaua kwa baridi. Funga kitabu ndani ya nailoni ngumu, toa hewa, weka kwenye friza wiki mbili, kisha kiache kirudie joto la kawaida siku nzima kabla hujafungua. Tuliazima friza la muuza samaki. Alikubali kwa sharti kwamba vitabu visiwekwe karibu na kamba wake, nami nilidhani sharti hilo lingetoka kwetu. Vile vidonge vyeupe vya kuwekea nguo usiviweke rafuni: watoto wadogo huvidhania pipi, na ni sumu.

## Kupalilia rafu

Hii ndiyo hatua inayouma kuliko zote, na ndiyo inayobadilisha maktaba kuliko rangi mpya. Rafu zilizojaa vitabu visivyosomeka humwambia mtoto kwamba humu hamna kitu chake. Palilia bila huruma, ukiwa na watu wawili: mmoja anashika kitabu, mwingine anaamua, na mkibishana zaidi ya dakika moja kiwekeni pembeni.

Vipimo vyetu vilikuwa vya wazi. Fungua atlasi utafute Sudan Kusini. Kama haipo, atlasi hiyo ni ya kabla ya Julai 2011, haifai kumfundishia mtu. Fungua kitabu cha afya kwenye malaria. Kikisema mpe mgonjwa klorokwini, kiondoe leo hii, kwa sababu Tanzania iliacha kuitumia kama dawa ya kwanza mwaka 2001. Kitabu cha namna hiyo kina hatari kuliko rafu tupu. Vitabu vya kiada angalia mtaala, maana uliorekebishwa ulianza kuingia madarasani hatua kwa hatua tangu Januari 2024. Vya zamani vingi bado vinafaa kwa hisabati na sarufi, lakini mtahiniwa ajue anachokishika.

Halafu kuna maboksi ya misaada. Nitasema ukweli: nusu ya yale tuliyoyakuta yalikuwa taka zilizosafirishwa kwa meli. Juzuu za sheria za kodi za jimbo moja la Marekani. Mwongozo wa kompyuta za disketi. Vitabu kumi na vitano vinavyofanana, vyote vya kumfundisha mtu kuendesha ubao juu ya theluji. Usione haya kuvitoa, na safari ijayo mtu akitaka kuchangia mwandikie kwanza orodha ya mnachohitaji: hadithi za picha za Kiswahili, kamusi, vitabu vya kilimo na ufugaji, vya mitihani.

Ila usichome chochote siku hiyo. Vitabu vya umma ni mali ya umma: orodhesha, peleka orodha kwa mwenye mali, pata kibali kwa maandishi. Moshi wa vitabu ukionekana kabla ya kibali, hata aliyekupa funguo atakukana.

Na kuna vitu ambavyo vikichakaa ndivyo vinavyopanda thamani: gazeti la zamani lenye habari za wilaya yenu, kijitabu cha ushirika wa mkonge, utenzi uliochapwa kwa taipu, daftari la mikutano ya kijiji. Hivyo vipewe kabati lenye mlango, visomewe humo humo. Wazee watakuja kwa ajili ya kabati hilo.

## Kupanga

Kwa vitabu chini ya elfu moja usijitese na desimali ndefu. Mfumo wa Dewey, unaovipa vitabu namba kufuatana na mada, umekuwepo tangu 1876 na unatosha ukiutumia kwa tarakimu chache: 398 ngano na hekaya, 496.392 lugha ya Kiswahili, 610 afya, 630 kilimo, 641 mapishi, 896.392 fasihi ya Kiswahili. Dini ni 200, na hapo utaona kasoro ya mfumo wenyewe: Ukristo umepewa mtaa mzima na Uislamu umebanwa kwenye 297. Katika mji wa pwani ambako nusu ya wasomaji wako ni Waislamu, ipe 297 rafu yake kamili yenye maandishi mazuri, Dewey hatafufuka kulalamika.

Upande wa watoto tupa namba kabisa. Bandika utepe wa rangi kwenye mgongo wa kitabu: kijani maneno machache na picha nyingi, njano aya fupi, nyekundu sura ndefu. Mtoto wa miaka sita anaweza kurudisha kitabu mahali pake bila msaada, na hiyo peke yake inamfanya mwenyeji. Vingine visimamishe jalada likitazama mbele. Tuligundua kwamba kitabu kinachoonyesha uso huazimwa, kinachoonyesha mgongo husubiri.

Vitabu vya Kiswahili vya wadogo huwa havitoshi. Mradi wa African Storybook una hadithi nyingi za Kiswahili zinazoruhusiwa kupakuliwa na kuchapwa bure. Chapa, kunja, shona mgongo kwa uzi na sindano ya gunia, weka jalada la manila. Taasisi ya Elimu nayo ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada, vipakue mara moja kwenye kompyuta ya maktaba ili bando lisiliwe kila siku na kitabu kilekile.

Kwa kumbukumbu, daftari kubwa la kaunta au jedwali la kompyuta linatosha: namba, jina la kitabu, mwandishi, rangi au tarakimu, hali yake. Mtu atakushauri uweke Koha. Ni programu ya kompyuta ya kuendeshea maktaba, nzuri na ya bure, ilianza kutumika New Zealand mwaka 2000 na maktaba kubwa nyingi duniani zinaitumia, lakini inataka seva na mtu wa kuitunza. Umeme ukikatika daftari halizimiki.

## Kadi, kuazima, na vitabu vilivyopotea zamani

Mtoto asajiliwe kwa saini ya mzazi au mlezi, namba ya simu na jina la mtaa. Basi. Usiombe dini, kabila wala nakala ya kitambulisho. Tangu kuwepo kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, kukusanya mambo usiyoyahitaji kunaweza kukuletea maswali, na daftari la wanachama halifai kuachwa wazi mezani kila mtu akapitisha macho.

Wengine hudai dhamana ya fedha. Mimi napinga. Kiasi kidogo kwa mwenye duka ni chakula cha mchana kwa mwingine, na anayeshindwa kulipa ndiye asiye na kitabu nyumbani. Kitabu kimoja kwa wakati, siku saba, ukikirudisha unachukua kingine. Ndani ya jalada bandika kikaratasi cha tarehe za kurudisha, na mtoto aandike tarehe mwenyewe huku ukimwangalia.

Kabla ya kufungua tangaza msamaha. Weka sanduku nje ya ofisi ya mtaa, liandike: "Vitabu vya maktaba vya zamani virudi hapa, hakuna faini, hakuna maswali." Sisi tulipata vitabu thelathini na moja kwa siku kumi. Kimoja kilikuja kimefungwa ndani ya kipande cha kanga, safi kama kipya, kimekaa kwenye sanduku la nguo la mtu miaka kumi na moja. Aliyekileta alimtuma mjukuu.

## Ratiba ya wiki nne

Usijaze. Kila siku iwe na jambo moja linalojulikana, na muda mwingine wote uwe wa kusoma, kuchagua, kulala juu ya mkeka na kitabu tumboni. Yetu ilikuwa hivi: Jumatatu saa ya hadithi, Jumanne klabu ya kusoma ya miaka tisa hadi kumi na tatu, Jumatano marudio ya masomo kwa darasa la saba na kidato cha pili, Jumamosi asubuhi ni ya kila mtu: vitendawili, michezo, kuchora, wazazi wakae.

Tuligawa pasipoti za wasomaji, manila iliyokunjwa yenye visanduku nane. Hatukuhesabu kurasa, maana wepesi hushinda na wazito hukata tamaa wiki ya kwanza. Kila kisanduku kina kazi yake: soma kitabu chenye mnyama, msomee mdogo wako, soma kitu kilichoandikwa dukani au kwenye daladala, leta hadithi uliyosimuliwa na bibi au babu, isimulie mbele ya wenzako. Hicho cha mwisho kilituletea ngano ambazo sijawahi kuziona kwenye kitabu chochote, na mtoto mzito wa kusoma akajikuta ndiye bingwa wa siku. Aliyejaza visanduku vyote anachagua kitabu ambacho maktaba itanunua. Pesa na peremende hatukutoa.

Uji ukiweza upate. Watoto arobaini, robo lita kila mmoja, ni lita kumi; kilo moja ya unga inatosha kuanzia. Mama lishe mmoja wa karibu alipika kwa zamu na wazazi walileta sukari. Ndoo ya maji yenye koki na sabuni vikae mlangoni, na choo kiwe kimefunguliwa saa zote maktaba iko wazi. Msichana wa miaka kumi na tatu huondoka mapema kwa sababu ya choo, na hatakwambia sababu.

## Saa ya hadithi, hatua kwa hatua

Dakika arobaini na tano, zisizidi. Tandika mkeka, watoto wakae nusu duara, mgongo wako uwe ukutani na si dirishani, la sivyo mwanga nyuma yako utawafanya wakodoe macho. Kitabu uwe umekisoma nyumbani mara mbili kwa sauti. Ambaye hajakisoma hugundulika kwenye ukurasa wa pili.

Anza na vitendawili vitatu. "Kitendawili!" "Tega!" Wakishindwa wape nafasi ya kukupa mji, na usikubali mji mdogo. Sauti zikishachangamka, sema "Paukwa!" nao watakujibu "Pakawa!" hata yule aliyekuwa amejificha nyuma ya dada yake. Sasa fungua kitabu. Kishike pembeni ya bega, picha ziwatazame wao, wewe usome kwa kuchungulia. Ukifika mahali patamu simama: "Sungura ataingia au hataingia?" Subiri kweli. Kimya cha sekunde tano kinaonekana kirefu, lakini ndani yake mtoto anafikiri.

Mara moja kijana wetu alikuwa anasoma kuhusu fisi aliyevutwa na harufu mbili, akafika kwenye njia panda. Aliposimama, mtoto wa kike wa miaka mitano hivi alinyanyuka, akaenda mpaka kwenye kitabu, akamwekea fisi kidole puani ili asinuse. Kijana alitaka kumrudisha akakae. Nilimkonyeza amwache. Hadithi ilisimama mpaka fisi alipopumua.

Ukimaliza usiulize "tumejifunza nini?" Watapata mafunzo tele shuleni. Wape karatasi wachore, kisha waende rafuni kuazima wakati moto bado unawaka.

## Wakubwa nao

Maktaba ikiwa ya watoto tu, ikifika Julai itakufa. Barazani weka bao. Mashimo thelathini na mawili, kete sitini na nne, na wazee wamefika bila barua ya mwaliko. Karibu yao weka gazeti la jana na kitabu cha ufugaji wa kuku. Tulikuwa na mzee aliyekuja kucheza wiki mbili bila kuvuka kizingiti, wiki ya tatu akauliza kama kuna kitabu cha ugonjwa wa mdondo. Kilikuwepo.

Vijana wa bodaboda huja kuchaji simu, na hiyo si dhambi. Sharti letu lilikuwa moja: simu inachaji ndani, na mwenye simu anakaa ndani.

## Usalama wa watoto

Kila wakati kuwe na watu wazima wawili wanaoonana. Hakuna mlango wa ndani unaofungwa, hakuna mtoto anayebakizwa peke yake na mtu mzima hata kwa kumsaidia hesabu. Daftari la mlangoni liandike saa ya kuingia, saa ya kutoka, na nani amemchukua mdogo. Picha ya mtoto haiendi kwenye kundi la WhatsApp bila ruhusa ya mzazi, hata kama mfadhili anaidai. Namba 116 ya simu ya huduma kwa mtoto, isiyolipiwa, ibandike ukutani kwa urefu wa macho ya mtoto wa darasa la tatu. Na anayetaka kujitolea muulize mwenyekiti wa mtaa anamjuaje. Swali hilo linaweza kumuudhi mtu mwema, vumilia.

## Kutangaza, na sherehe

Tangazo lililofanya kazi kuliko yote lilichukua dakika tatu: tulienda mstarini katika shule za msingi zote za karibu wiki mbili kabla ya kufunga, tukasoma ukurasa mmoja wa hadithi mpaka mahali pa kusisimua, tukafunga kitabu tukasema mwisho wake uko maktaba. Mengine ni ya kawaida: msikitini baada ya swala, kanisani Jumapili, kijiwe cha bodaboda, ubao wa chaki nje ya jengo.

Sherehe ya ufunguzi ndipo ninapogombana na kamati. Wanataka mgeni rasmi, meza kuu, hema na spika siku ya kwanza. Watoto watakaa juani kwa muda wa saa tatu wakisikiliza salamu za itifaki, na hakuna atakayeazima kitabu. Mimi nafungua kimyakimya siku nne kabla shule hazijafungwa, na watoto kumi na tano wa jirani, ili tujue kalamu zinapotea wapi na mlango gani unakwama. Mgeni rasmi aje wiki ya tatu. Atakuta chumba kimejaa, atapiga picha nzuri kuliko za utepe, na ukimpa kitabu asome ukurasa mmoja kwa watoto, hotuba yenyewe itapungua.

## Ijumaa ya mwisho na Jumatatu inayofuata

Ijumaa ya mwisho wa likizo kaeni mhesabu. Andika namba nne tu: waliosajiliwa, siku mlizofungua kati ya mlizoahidi, vitabu vilivyoazimwa, vitabu ambavyo havijarudi. Maktaba yetu ya tatu ilikuwa na vitabu tisa nje. Msimtume mgambo. Mtume mtoto anayekaa mtaa uleule aulize, na wengi huwa chini ya godoro.

Usiku huohuo badilisheni bango, msingoje. Shule zikifunguliwa Jumatatu hakuna atakayekuja saa tatu asubuhi, kwa hiyo sisi huandika saa tisa alasiri mpaka saa kumi na moja, siku tatu, pamoja na Jumamosi asubuhi. Majina mawili mbele ya kila siku, kama mwanzo. Halafu mmoja wenu apite kwa fundi baiskeli amlipe yale mafuta ya taa ya kufungulia kufuli, maana sisi tulisahau na bado anatukumbusha.